Uzamili, Cheti au Kazi? Swali Nililoulizwa Kihagara

Mwishoni mwa mwaka jana nilikuwa nyumbani Kihagara, wilayani Nyasa, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa ambao zamani ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Siku ya tatu baada ya kufika, shemeji yangu, mume wa dada yangu, aliniita kwake jioni. Nilidhani tunakwenda kuzungumza kama watu ambao hawajaonana kwa muda mrefu. Nilimkuta amekaa na mwanawe, mpwa wangu, ambaye miaka miwili iliyopita alihitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja cha umma. Mbele yao palikuwa na daftari la hesabu. Kijana aliniamkia, "Shikamoo, mjomba," nami nikaitika. Kisha baba yake akasema bila kuzunguka: "Shemeji, nataka kuuza mashine ya boti na nyavu, mtoto akasome uzamili. Wewe ni mwalimu wa chuo kikuu. Tuambie kama tunafanya sawa."

Niliomba kulisoma lile daftari. Kulikuwa na ada ya miaka miwili, chumba cha kupanga Dar es Salaam, chakula na nauli. Mwishoni, kwa mwandiko wa kijana, kulikuwa na mitihani miwili ya vyeti vya kampuni za nje. Jumla ilizidi shilingi milioni 10. Anayejua maisha ya ufuko wetu anaelewa uzito wa jambo hili. Mashine ile na nyavu zile ndizo zinazoleta usipa usiku, na usipa ndio unaonunua unga, sare za shule na dawa. Nyumba ile ina watoto wengine watatu.

Nimeamua kuliandika swali la shemeji hapa kwa sababu naamini linaulizwa katika nyumba nyingi, na kwa sababu sisi tunaopaswa kulijibu tuna maslahi ndani yake. Nianze kwa kuyataja yangu. Mimi ni mhadhiri. Darasa la uzamili likikosa wanafunzi, programu hufungwa na mimi hupungukiwa kazi. Kwa miaka mingi kila mhitimu aliyenijia akilia hana ajira nilimwambia, karibu kwa mazoea, "Ongeza elimu." Mmoja wao alinisikiliza. Alimaliza shahada ya kwanza Julai, akaingia uzamili Oktoba mwaka huohuo, akafaulu vizuri. Alipoitwa kwenye usaili aliulizwa swali moja tu la maana: ni mfumo gani umewahi kuutunza ukiwa unatumiwa na watu? Hakuwa na jibu. Alirudi kwangu na shahada mbili na deni, nami sikuwa na la kumwambia. Ushauri ulikuwa wangu, gharama zikawa zake.

Mjadala huu wa masomo na kazi si mgeni nchini mwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule zilikuwa zinamtenga kijana na kazi za jamii yake. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kufikia azimio ambalo wasomi wa umri wangu wanalikumbuka: mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali kwanza afanye kazi kwa miaka miwili hivi na apate mapendekezo ya mahali alipofanyia kazi. Nchi nzima iliamua kwamba uzoefu utangulie shahada.

Mwaka huohuo wa 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kazi ya kuitumia kwa hesabu za Serikali ilikwenda kombo. Mashine tulikuwa nayo, lakini tuliwategemea mno wataalamu wa kigeni, na hatukuwa na watu wetu wa kutosha walioijua kazi hiyo kwa mikono. Tukaifukuza mashine. Marufuku ile ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa muda wote huo vijana wengi wa Kitanzania hawakupata nafasi ya kujifunza ufundi huu kwa kuufanya.

Nayaweka matukio haya mawili pamoja kwa sababu yanafundisha kitu kimoja. Uzoefu hauji kwa amri. Azimio la Musoma liliwataka vijana wakafanye kazi, na nia yake ilikuwa njema, lakini mlango wa chuo ukawa mikononi mwa anayeandika barua ya mapendekezo. Idadi ya wasichana waliofika chuo kikuu ilishuka kiasi kwamba miaka michache baadaye waliruhusiwa kuingia bila kusubiri, na hatimaye utaratibu wenyewe uliachwa. Ukisema "kazi kwanza" bila kueleza kazi hiyo itapatikana wapi, nani atailipia na nani atapima kama imefanyika, unakuwa umempa mamlaka mwenye kalamu.

Sasa tuirejee kazi ya kuandika programu. Soko lake limesema wazi linachokitaka. Kampuni ya Andela ilianza Lagos mwaka 2014, ikaja Nairobi, kisha Kampala, kwa ahadi ya kuchukua vijana wenye vipaji, kuwafundisha na kuwaunganisha na kampuni za Marekani. Septemba 2019 iliwaachisha kazi vijana wapatao 400 katika miji hiyo. Sababu waliyoitoa ni kwamba wateja hawakuwa wakitafuta wanaoanza; walitaka waliokwisha kukomaa. Vijana wale walikuwa wamechujwa kwa ukali na kufundishwa vizuri. Walichopungukiwa ni miaka. Na leo, ambapo akili unde inaandika vipande vidogo vya programu ambavyo zamani alipewa mwanagenzi ili ajifunze, ngazi ya kwanza inazidi kuwa nyembamba.

Vyeti vya kampuni je? Sivibezi. Anayefunga mitandao ya ofisi hujifunza mengi akijiandaa kwa mtihani wa CCNA wa kampuni ya Cisco, na kuna waajiri wanaoutaka. Lakini tuangalie hesabu. Mtihani huo mmoja ni dola 300 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi laki saba, na cheti chake hudumu miaka mitatu. Vyeti vya huduma za mtandaoni za kampuni ya Amazon navyo ni vya miaka mitatu. Kwa lugha ya nyumbani, hiki ni chumba cha kupanga. Muda ukiisha unalipa tena. Mwajiriwa ambaye ofisi inamlipia, na ambaye kesho yake asubuhi anakitumia alichojifunza, anapata faida. Kijana asiye na kazi anayelipa kwa nyavu za baba yake anaweza kufika mwaka wa tatu akiwa na cheti kilichokwisha muda na kichwa kilichokwisha kusahau.

Hapo msomaji mwanaharakati atanikatiza, na ana haki. Ataniuliza: huyo mtoto wa Kihagara ataupata wapi huo uzoefu? Mwenzake aliyezaliwa Dar es Salaam anaweza kujitolea mwaka mzima bila malipo katika kampuni ya rafiki wa baba yake, akala na kulala nyumbani. Wa Kihagara hawezi. Kitu pekee alichoweza kushindana nacho kwa haki ni mtihani, kwa kuwa mtihani haukumuuliza ukoo. Mkianza kuidharau shahada na kutukuza uzoefu, mnamwondolea maskini ngao yake ya pekee.

Hoja hii ni nzito kuliko zote ninazozijua katika mjadala huu, na wapenzi wa usemi kwamba shahada imekufa huipita kimya. Mimi mwenyewe nimefika nilipofika kwa ngao hiyo. Kwa hiyo sisemi shahada itupwe. Ninachosema ni kwamba uzamili uliochukuliwa kwa kukosa pa kwenda haumpi maskini ngao ya pili. Unamrudisha kwenye foleni ileile akiwa na umri mkubwa zaidi na mali pungufu. Tukumbuke pia kwamba mikopo ya Bodi kwa sehemu kubwa ni ya shahada ya kwanza, na kwamba tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Uzamili wa kujilipia unaongeza mzigo kwa mtu ambaye tayari anadaiwa.

Nirudi kwenye kile kibaraza cha shemeji. Nilimuuliza mpwa wangu: tangu uhitimu umefanya nini? Akajibu, "Sijafanya kitu, mjomba. Natuma maombi tu." Dada yangu, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, akacheka. "Mbona husemi ile kazi ya kikundi?"

Ndipo nilipoelezwa. Wanawake wanaonunua usipa na kuwakausha wana kikundi cha kuweka na kukopa. Daftari lao lililowa mvua, ukazuka ugomvi, wakamwomba kijana awatengenezee programu ya kwenye simu. Ya kwanza ilihitaji intaneti wakati wote, na mtandao pale hupotea bila kuaga, kwa hiyo haikufaa. Akaiandika upya ihifadhi kumbukumbu kwenye simu na kuzituma mtandao ukirudi. Ikagundulika kuwa wanachama wawili wana jina moja na hisa zao zimechanganyika. Akarekebisha. Kisha wanawake wakakataa kuiamini mpaka iwatolee kila mmoja karatasi, kwani simu huzama ziwani. Akatafuta njia. Kikundi kinaitumia hadi leo, mwezi wa 14.

"Hiyo siyo kazi, mjomba," alisema. "Nilikuwa nawasaidia tu."

Msomaji, kauli hiyo ilinisumbua kuliko lile daftari la gharama. Kijana huyu amefanya jambo ambalo wanafunzi wangu wengi wa uzamili hawajawahi kulifanya: ameandika programu, akaikabidhi kwa watu wasiomwonea aibu, ikakataliwa, akaisahihisha, akaitunza zaidi ya mwaka. Katika maombi yake yote ya ajira hakuitaja hata mara moja, kwa sababu fomu iliuliza jina la mwajiri. Tumemfundisha kwamba lisilo na mhuri halikutokea.

Nikamuuliza kama kuna lililomshinda. Akasita, kisha akasema lipo. Kikundi kina simu mbili za waweka hazina. Siku moja, mtandao ukiwa haupo, zote mbili ziliandika rejesho lilelile la mkopo. Usiku mtandao uliporudi, deni la mama yule likapungua mara mbili. Amejaribu njia tatu na tatizo bado linajitokeza. Nilitabasamu, kwa kuwa hilo ni tatizo maarufu katika taaluma yetu. Kuna vitabu vizima juu yake, na ni sehemu ya somo linalofundishwa katika uzamili. Kwa mara ya kwanza jioni ile niliona sababu ya kweli ya kijana huyu kwenda kusoma, na haikuwamo kwenye daftari.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali la kichwa cha makala hii. Masomo ya juu yana thamani pale yanapokuja kujibu swali ambalo kazi imekwisha kukuuliza. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali; nami naongeza kwamba amali isiyorudi kwenye elimu hubaki ikirudia kosa lilelile. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: anza na kazi, hata iwe ndogo, cheti kifuate pale kazi inapokidai, na ikiwezekana alipe mwajiri, uzamili uje pale ulipokutana na jambo ambalo bidii peke yake haikulimudu. Wapo wanaopaswa kwenda moja kwa moja: anayetaka kufundisha chuo kikuu, anayehama kutoka fani nyingine, na aliyepata ufadhili kamili. Wengine wasubiri.

Tena tunao mfano wetu wenyewe wa mambo haya mawili kwenda pamoja. Kila zahanati nchini hujaza vitabu vya MTUHA, na takwimu zake huishia katika mfumo wa kompyuta unaoitwa DHIS2. Mfumo huo unaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imeshirikiana nacho tangu miaka ya 2000. Watanzania waliosoma uzamili na uzamivu kupitia ushirikiano huo hawakujifungia maktaba. Walikwenda wilayani, wakakaa na wauguzi, wakaona takwimu zinavyokosewa, wakarekebisha mfumo, kisha wakaandika tasnifu kuhusu walichokiona. Vivyo hivyo mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ulioanza mwaka 2017 na kutuletea zile namba za kulipia, ulijengwa na wataalamu wa ndani. Miaka hamsini baada ya kuifukuza mashine, tuna watu wanaoijua kwa mikono. Hatukuwapata kwa kuwarundikia vyeti.

Kwa hiyo nawageukia watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, kwani mengi yapo mikononi mwao.

Kwanza, tuache kumdai anayeanza uzoefu wa miaka mitatu huku hakuna anayekubali kuwa mwajiri wake wa kwanza. Badala ya kuuliza idadi ya miaka, tumpime kwa vitendo. Ufundi huu una bahati ambayo fani nyingi hazina: kazi yenyewe inaweza kufunguliwa na kusomwa. Mpe msailiwa mfumo mdogo wenye hitilafu na saa tatu, kisha akueleze alichokikuta. Hapo mtoto wa Kihagara na wa Masaki watakuwa mbele ya mtihani mmoja, na mtihani huo utakuwa wa kazi.

Pili, kila halmashauri ina kitengo cha TEHAMA na mifumo inayohitaji mikono. Mwongozo wa kitaifa wa uanagenzi na mafunzo kazini kwa wahitimu upo tangu mwaka 2017. Utumike kuwapokea vijana kwa mwaka mmoja kwa posho halisi. Kujitolea bila kulipwa ni ada ambayo ni wenye nacho tu wanaoimudu.

Tatu, VETA imekuwa ikiwatambua waashi, maseremala na mafundi magari waliojifunza mitaani, ikawapima na kuwapa vyeti. Sioni kwa nini mwandishi wa programu aliyejifunza kwa kutenda asipimwe hivyohivyo, na kwa nini Tume ya TEHAMA, ambayo ina jukumu la kusajili wataalamu wa fani hii, isiongoze kazi hiyo.

Nne, sisi wa vyuo vikuu tumwulize kila mwombaji wa uzamili swali moja kabla ya kupokea ada yake: ni tatizo gani ulilokutana nalo kazini linalokuleta hapa? Tutapoteza baadhi ya wanafunzi na baadhi ya mapato. Tukikataa kulipa gharama hiyo, basi tuache kuwalaumu wazazi wanaouza mali.

Jioni ile nilimshauri shemeji asiuze mashine. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa upole jambo ambalo nililitarajia: "Shemeji, wewe ulisoma mpaka mwisho. Leo unamwambia mwanangu asisome?"

Nilimjibu ukweli. Mimi sikuuziwa mashine. Shahada ya kwanza nililipiwa na Serikali. Uzamili niliusoma nikiwa kazini, nikipokea mshahara, kwa ruhusa ya masomo. Kama ningelazimika kuchagua kati ya chuo na chakula cha wadogo zangu, sijui ningekuwa wapi. Kizazi changu kilipanda kwa ngazi iliyoshikwa na umma, na sasa tunawaambia vijana waruke.

Tulikubaliana kupeana mwaka mmoja. Mpwa wangu ataandika upya maelezo yake binafsi na kuweka ile kazi ya kikundi mahali pa kwanza, pamoja na makosa yake matatu na alivyoyarekebisha. Mimi nitampelekea vitabu kuhusu lile tatizo la simu mbili na kumtafutia mahali pa uanagenzi penye posho. Mwaka ukipita bila mlango kufunguka, itabidi nirudi Kihagara kumweleza baba yake sababu, na safari hiyo sitaweza kumwambia aongeze elimu. Naomba mwenye nafasi ya kufungua mlango kama huo, katika halmashauri yoyote, auhesabu mwaka huu kuwa wake pia.